Ubaguzi wa Shule Katika Miji ya Marekani: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mwaka 1960, wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya walipokwenda Lancaster House, London, kujadiliana na Waingereza kuhusu katiba, walikuwa na mshauri wa sheria kutoka Marekani. Tom Mboya ndiye aliyemwalika. Jina lake Thurgood Marshall, wakili Mweusi ambaye miaka sita kabla ya hapo alikuwa ameshinda kesi ya Brown, ile iliyoharamisha shule za kutenganisha watoto kwa rangi. Wajumbe wale hawakuhitaji kuelezwa shule za namna hiyo zinafananaje. Kenya ya mkoloni ilikuwa na za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika.

Kisa cha Marekani chenyewe hutufikia kikiwa kimefupishwa mno: Kusini palikuwa na ubaguzi, mahakama ikaukataza, watoto wakaingia darasa moja, yakaisha. Kinachoachwa nje kila mara ni miji mikubwa, na ndiko mambo yalikokwamia.

Dhana: Ubaguzi wa shule ulikuwa jambo la Kusini

Kesi ya kwanza maarufu ya shule za kibaguzi ilitoka Boston, mji wa Kaskazini kabisa. Benjamin Roberts, mchapishaji Mweusi, alishitaki mji huo kwa sababu binti yake Sarah, mwenye umri wa miaka mitano, alilazimishwa kuzipita shule tano za Wazungu akielekea shule ya watoto Weusi. Mawakili wake walikuwa Charles Sumner na Robert Morris, mmoja wa mawakili wa kwanza Weusi nchini humo. Walishindwa mwaka 1850. Jimbo la Massachusetts lilikuja kupiga marufuku utengano huo mwaka 1855, lakini hukumu ya Boston haikuzikwa. Mwaka 1896, Mahakama Kuu ya Marekani ilipohalalisha mabehewa tofauti ya treni katika kesi ya Plessy, iliitaja kama kielelezo. Kwa hiyo hoja ya “tofauti lakini sawa”, tunayoidhani mali ya Kusini, ilikuwa na mizizi Boston.

Tuvuke miaka mia moja twende Chicago. Miaka ya 1960 shule za mitaa ya Weusi zilijaa hadi watoto wakasoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, huku shule za Wazungu za jirani zikiwa na madawati matupu. Mkuu wa elimu wa jiji, Benjamin Willis, hakukubali kuwahamishia watoto kwenye madawati hayo. Aliweka matrela kwenye viwanja vya shule zilizofurika, na wazazi wakayabandika jina lake. Tarehe 22 Oktoba 1963, wanafunzi zaidi ya 200,000 hawakwenda shule.

New York nayo ilifuata tarehe 3 Februari 1964. Wanafunzi wapatao 460,000 walibaki nyumbani siku moja kudai mpango wa kuchanganya shule. Maandamano ya Washington ya Agosti 1963, ambayo dunia nzima inayakumbuka, yalikusanya watu kama 250,000. Mratibu wa yote mawili alikuwa mtu mmoja, Bayard Rustin. Moja limeingia katika kila kitabu cha historia, jingine hata wakazi wengi wa New York hawalijui. Naona uchungu kwa hilo, maana mgomo ule ulikuwa wa watoto, na jiji lao halikuwapa walichokidai.

Na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huohuo wa 1964 iliandikwa kwa uangalifu. Ilitamka wazi kwamba kuondoa utengano hakumaanishi kuwapangia wanafunzi shule ili kurekebisha uwiano wa rangi. Kifungu hicho kilikuwa kinga ya miji ya Kaskazini.

Dhana: Mwaka 1954 mahakama iliamua, na shule zikachanganyika

Hukumu ya Brown ilitolewa tarehe 17 Mei 1954, majaji wote tisa kwa kauli moja. Mwaka mmoja baadaye mahakama ileile ilitoa hukumu ya pili kuhusu utekelezaji, nayo ilitumia maneno yasiyo na tarehe wala kipimo: utekelezaji ufanyike kwa kasi ya uangalifu. Waliotaka kuchelewesha walipata walichohitaji.

Wilaya ya Prince Edward, Virginia, iliona afadhali kuzifunga shule zake zote za umma kuliko kuzichanganya. Zilifungwa mwaka 1959 zikafunguliwa mwaka 1964. Watoto wa Kizungu walianzishiwa shule ya binafsi. Watoto Weusi wengi walikaa miaka mitano bila shule. Huko Little Rock, Arkansas, tunaikumbuka picha ya wanafunzi tisa wakisindikizwa na askari wa Rais Eisenhower mwaka 1957, ila tunasahau kwamba mwaka uliofuata shule za sekondari za mji huo zilifungwa mwaka mzima.

Miaka kumi baada ya Brown, katika majimbo ya Kusini, watoto Weusi waliosoma pamoja na Wazungu walikuwa takriban 2 tu kati ya 100. Kilichosogeza mambo ni fedha na amri. Mwaka 1965 serikali kuu ilianza kutoa fedha nyingi kwa shule, na jimbo lililoendelea kubagua lingezikosa. Mwaka 1968 mahakama ilichoka na visingizio, ikaagiza mipango inayofanya kazi wakati huohuo. Katika miaka michache Kusini ikaipita Kaskazini kwa shule mchanganyiko.

Dhana: Lilikuwa suala la Weusi na Wazungu peke yao

Hapana. San Francisco ilimkatalia binti wa Kichina, Mamie Tape, mwaka 1884. Familia yake ilishinda mahakamani, na jiji likajenga shule ya Wachina ili asiingie ya Wazungu. California pia ilikuwa na shule za watoto wa asili ya Meksiko, hadi familia ya Mendez na wenzao waliposhinda kwenye mahakama ya rufaa mwaka 1947, miaka saba kabla ya Brown.

Dhana: Shule za Weusi zilikuwa duni, ndiyo maana wazazi walitaka kuzikimbia

Majengo yalikuwa duni. Vitabu vilikuwa vile vilivyochakaa mikononi mwa Wazungu. Walimu ni habari nyingine. Mwanamke au mwanamume Mweusi mwenye shahada alifungiwa milango mingi ya kazi, kwa hiyo ualimu ulipata vichwa vilivyo bora. Sekondari ya Dunbar, Washington, ilikuwa na walimu wenye shahada za juu ambazo shule nyingi za Wazungu hazikuwa nazo. Wazazi wa Topeka, waliofungua kesi iliyobeba jina la Oliver Brown, hawakuwa na ugomvi na walimu wa watoto wao. Walichokipinga ni binti yake Linda kukatiza reli kwenda kupanda basi la shule ya mbali, wakati ya karibu na nyumbani ilikuwa ya Wazungu tu.

Mwaka 1951 Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliongoza mgomo wa sekondari ya Moton huko Farmville, Virginia. Madai ya mwanzo yalikuwa jengo bora, maana watoto walifundishwa katika vibanda vya karatasi ya lami. Mawakili ndio waliosema watachukua kesi iwapo tu itapinga utengano wenyewe, na ikawa moja ya kesi tano zilizounganishwa katika Brown.

Kisha lipo jeraha ambalo halisemwi vya kutosha. Shule zilipounganishwa Kusini, zilizofungwa zilikuwa kwa kawaida za Weusi, na walimu wakuu wakafanywa wasaidizi au wakaachishwa. Inakadiriwa kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17. Mtoto aliingia shule yenye vifaa, akamkosa mwalimu aliyemjua hadi nyumbani kwao. Kosa hilo ni la namna kuchanganya kulivyotekelezwa, na lingeweza kuepukwa.

Dhana: Kaskazini watu walijitenga wenyewe, kila mtu alichagua mtaa wake

Kuna ukuta Detroit, karibu na barabara ya 8 Mile, wenye urefu wa karibu nusu maili na kimo cha mtu. Ulijengwa mwaka 1941. Mjenzi wa nyumba alitaka kujenga mtaa wa Wazungu kando ya mtaa wa Weusi, na shirika la serikali kuu lililodhamini mikopo ya nyumba, FHA, lilikataa kwa sababu Weusi walikuwa karibu mno. Ukuta ulipojengwa, mikopo ikakubaliwa. Bado umesimama, siku hizi umechorwa picha za rangi.

Ndivyo “mitaa ya hiari” ilivyotengenezwa. Ramani za serikali za miaka ya 1930 zilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, na mikataba ya nyumba ilikataza kuwauzia. Shule ikafuata mtaa.

Mwaka 1972 Jaji Stephen Roth wa Detroit aliona jambo lililo dhahiri: jiji lililokuwa likibaki na wanafunzi Weusi watupu haliwezi kuchanganya shule zake peke yake. Aliagiza wilaya 53 za elimu za vitongoji, vyenye Wazungu wengi, ziingizwe kwenye mpango. Mahakama Kuu ikaukataa tarehe 25 Julai 1974, majaji watano kwa wanne, kwa hoja kwamba vitongoji havikuthibitishwa kuwa na kosa. Jaji mmojawapo aliyepinga alikuwa Thurgood Marshall, yule wa Lancaster House, wakati huo akiwa jaji. Alionya kwamba watoto wasipoanza kujifunza pamoja, wananchi hawatajua kuishi pamoja. Kwangu mimi hukumu hii, ya Milliken dhidi ya Bradley, ndiyo iliyoamua hatima ya shule za miji ya Marekani, hata kama ni ya Brown inayosomwa. Tangu siku hiyo, mzazi mwenye uwezo aliyetaka kuukwepa mpango wa kuchanganya shule alihitaji kuvuka mpaka wa jiji, basi.

Dhana: Mabasi ya kuchanganya wanafunzi yalijaribiwa yakashindikana

Wanaosema hivi huwa wanafikiria Boston. Juni 1974 Jaji Arthur Garrity aligundua kwamba halmashauri ya shule ya mji ilikuwa imetenganisha watoto kwa makusudi, akaamuru wahamishwe kwa mabasi. Septemba, mabasi ya watoto Weusi yalipigwa mawe yakitoka South Boston. Kilichoshindikana hapo si mabasi. Zaidi ya wanafunzi 4 kati ya 10 Marekani walikuwa wakipanda mabasi ya shule, na Kusini watoto Weusi waliwahi kusafirishwa mbali kwa mabasi ili wasikae na Wazungu, bila mtu kurusha jiwe.

Charlotte, North Carolina, haizungumzwi sana. Huko jiji na vitongoji vyake vilikuwa wilaya moja ya elimu, kwa hiyo hapakuwa na mpaka wa kukimbilia. Mpango ulioidhinishwa na Mahakama Kuu mwaka 1971 ulidumu miongo mitatu. Mwaka 1984 Rais Reagan alikwenda huko akaupinga mbele ya wafuasi wake, wakamsikiliza kimya, na gazeti la mji likamwandikia tahariri kwamba amekosea. Mahakama ziliuondoa mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na shule zikarudi kutengana.

Pengo la kusoma kati ya watoto Weusi na Wazungu wa miaka 13, katika mitihani ya taifa, lilikuwa alama 39 mwaka 1971 na 18 mwaka 1988. Kuchanganya shule hakukuwa sababu pekee, fedha za serikali nazo zilisaidia. Baada ya hapo kasi ilikufa.

Na Boston yenyewe ina basi ambalo halikupigwa mawe. Mpango wa METCO ulianza mwaka 1966, kwa jitihada za wazazi Weusi akiwemo Ruth Batson, ukiwachukua watoto wa jijini kwenda shule za vitongoji zilizokubali kuwapokea. Unaendelea hadi leo. Kwa miaka mingi foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba wazazi waliwaandikisha watoto wakiwa bado wachanga.