Kamati ya ushauri ya shule: inashauri nini, na nani anatakiwa kujibu

Mzazi aliyesomesha watoto Tanzania akisikia "kamati ya shule" picha inamjia mara moja: mwenyekiti aliyetoka kwa wazazi, mwalimu mkuu akiwa katibu, na ajenda za madawati, matundu ya vyoo na chakula cha mchana. Kamati ile hukaa na kupitisha mpango wa shule na matumizi yake. Mzazi huyohuyo akihamia Marekani na kuletewa barua ya kumwalika kwenye kamati ya ushauri, anakwenda akitarajia kikao cha namna ileile. Nimewatafsiria wazazi kwenye vikao hivyo, na inaniuma kumwona mtu akirudi nyumbani akiamini amedharauliwa, kumbe hakuna aliyemweleza kamati ile iliundwa kwa kazi gani.

Kamati ya ushauri ni kundi la wazazi, na pengine walimu, wanafunzi na wakazi wa eneo, linalokutana na uongozi wa elimu ili litoe maoni kabla jambo halijaamuliwa. Haiajiri mwalimu, haitii saini hundi, haipitishi bajeti. Uamuzi unabaki kwa mwalimu mkuu, au kwa bodi ya wilaya ya shule, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wapiga kura. (Wilaya ya shule huko ni mamlaka ya elimu inayojitegemea, usiichanganye na wilaya yenye mkuu wa wilaya.)

Si kila chombo cha wazazi kiko hivyo. Chicago, kwa sheria ya 1988, ina mabaraza ya shule ambamo wazazi 6 hukaa pamoja na walimu na wakazi, na baraza hilo lina uwezo wa kumchagua mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka 4. Hilo ni baraza lenye kuamua. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ukialikwa ni hili: hapa tunaamua, au tunashauri?

Mfano mzuri wa kamati ya kushauri uko California. Shule ya umma ikifikisha wanafunzi 21 ambao bado wanajifunza Kiingereza, inalazimika kuunda kamati ya wazazi wao, maarufu kwa kifupi ELAC. Wajumbe wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao wa wanafunzi hao, na sehemu yao ndani ya kamati haitakiwi kuwa ndogo kuliko sehemu ya wanafunzi hao shuleni. Watoto hao wakiwa asilimia 30 ya shule, wazazi wao wawe angalau asilimia 30 ya kamati. Kazi yao ni kumshauri mwalimu mkuu na walimu juu ya mafunzo ya watoto hao na mpango wa shule, kusaidia kupima mahitaji, na kuwaelimisha wazazi wengine umuhimu wa mahudhurio. Ajenda hubandikwa saa 72 kabla ya kikao, na mlango uko wazi kwa yeyote. Wilaya nzima ikiwa na wanafunzi wa aina hiyo 51 au zaidi, inaundwa kamati nyingine ya ngazi ya wilaya.

Sasa, ushauri usiomfunga mtu una faida gani? Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mfumo wa kugawa fedha za elimu ulioanza California mwaka 2013 unazitaka wilaya ziwe na kamati ya ushauri ya wazazi, na mpango wa miaka 3 wa wilaya upelekwe kwao kabla bodi haijaupitisha. Wakitoa maoni, mkuu wa shule za wilaya anatakiwa kuwajibu kwa maandishi. Halazimiki kukubali, lakini haruhusiwi pia kunyamaza. Kwa maoni yangu nguvu yote ya kamati imo humo: katika muhtasari wa kikao na barua ya majibu. Neno lililosemwa kwa uchungu lisipoandikwa, mwaka unaofuata hakuna wa kuulizwa.

Nakumbuka mama mmoja wa kutoka Kivu. Kikao kilifanyika jioni kwenye maktaba ya shule, tumekalia viti vya watoto, magoti yamegusa meza. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa: "Wazazi walitoa maoni kuhusu usafiri." Nilipomtafsiria akanishika mkono. "Dada, waambie mimi sikusema usafiri. Nilisema basi linawashusha watoto ng'ambo ya barabara ya njia nne, na asubuhi kuna giza, na hakuna taa."

Nikawaambia. Mwenyekiti akamwomba katibu aufute mstari ule na kuandika maneno ya mama kama alivyoyasema, kisha akauliza kama yuko sawa na maneno hayo. Akasema waongeze jina la barabara. Likaongezwa. Kikao kilichofuata karatasi ya majibu ilikuwa mezani, na kwenye mstari wa barabara ile kulikuwa na tarehe ambayo idara ya usafiri ingekwenda kukikagua kituo.