Harufu kali kwenye kopo si dalili ya chai nzuri

Madukani Mtwara mjini, mnunuzi wa majani ya chai yaliyotiwa ladha, kama iliki au tangawizi, hufungua kopo, hunusa, na harufu ikimpiga puani husema: hii ndiyo yenyewe! Sivyo. Harufu ile mara nyingi ni mafuta ya ladha yaliyonyunyizwa juu ya majani makavu, na huweza kuficha majani hafifu. Kipimo cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6. Onja kwanza bila sukari (vijiko vyetu vinne, jamani, husamehe kila kosa). Ngoja ipoe kidogo. Chini ya iliki au tangawizi, je, chai yenyewe unaisikia? Kama huisikii, umenunua manukato.