Je, wajua? Damu inaweza kupungua huku ghala la chuma limejaa

Niliwahi kuamini kwamba upungufu wa damu ni jina jingine la upungufu wa madini ya chuma. Kwa hiyo nilipoona majibu ya vipimo vya mtu mwenye baridi yabisi, nilidhani maabara imekosea. Damu yake ilikuwa pungufu na chuma kinachozunguka kwenye damu kilikuwa kidogo, ila feritini, protini inayohifadhi chuma, ilikuwa juu. Nilipoambiwa majibu ni sahihi, nikaangukia kosa la pili: basi ugonjwa unakula chuma. Haukili. Chuma kipo chote, ila hakitoki kilipo.

Kila siku uboho hutumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kutengeneza chembe nyekundu mpya. Chakula huleta miligramu 1 au 2 tu. Zilizobaki hutoka kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza chembe nyekundu zilizochakaa baada ya siku 120 hivi na kurudisha chuma chao kwenye mzunguko.

Sasa ichukue kila makrofaji kama ghala lenye milango ya kutolea mzigo. Milango hiyo ni protini iitwayo feropotini. Inflamesheni inapoanza, yaani kinga inapowaka kwa sababu ya maambukizi au ugonjwa sugu, ini hupokea ishara na kumwaga homoni ya hepsidini. Ungetegemea homoni hiyo itie komeo tu. Kumbe mara nyingi mlango wenyewe hung'olewa, ukavunjwavunjwa humo humo ndani, na ukuta ukabaki mzima kama hapakuwahi kuwa na mlango. Mpaka seli ijenge mwingine, mzigo umelala. Hepsidini hufanya hivyo hivyo kwenye utumbo, ndiyo maana vidonge vya chuma vinaweza kumezwa kwa miezi bila faida kubwa.

(Si hepsidini peke yake: inflamesheni pia huupunguzia uboho kasi, na chembe nyekundu hufa mapema kidogo.)

Hata hivyo, feritini kubwa si kibali cha kusema chuma kinatosha, kwa kuwa inflamesheni yenyewe huipandisha, na mtu anaweza kuwa na matatizo yote mawili. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha upungufu wa chuma kwa mtu mzima mwenye afya kuwa feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita, lakini chini ya 70 kwa mwenye maambukizi au inflamesheni.

Kwa nini mwili ujifungie mali yake? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba bakteria nao wanahitaji chuma ili wazaliane, hivyo wananyimwa. Panya wasio na hepsidini hulemewa upesi na baadhi ya bakteria, kwa hiyo hoja ina mashiko. Lakini kwenye baridi yabisi hakuna kijidudu cha kunyimwa. Na bakteria wa kifua kikuu huishi ndani ya makrofaji zenyewe, kwa hiyo huenda mwizi huyo amefungiwa ghalani pamoja na mzigo.