Polisi hakamati mtoto aliyegoma kula

"Usipomaliza chakula, nitamwita polisi akuchukue." Watu wazima hulitumia tishio hili kwa wepesi, wakiamini linamfunza mtoto adabu. Linachomfunza hasa ni kumkimbia askari.

Kugoma kula au kulala si kosa la jinai popote. Hata kwa makosa halisi, mwaka 2019 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilizihimiza nchi zisimfungulie mashtaka mtoto aliye chini ya miaka 14.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka minne aliyepotea sokoni. Anaona sare, anajificha chini ya meza, huku askari akimtafuta yeye. (Na mzazi anashangaa kwa nini haitiki.) Mtoto huyo alipaswa kujua mambo machache tu: asimame palipo na watu, ataje majina yake kamili na ya mzazi, na namba ya simu aliyoikariri kama wimbo.

Kumpamba polisi kama malaika nako si sawa. Mwambie kwamba polisi hukamata watu, huongoza magari, hutafuta waliopotea. Mwambie pia kwamba askari akimtendea vibaya, aje akueleze, nawe utamwamini.