Watoto wa zamani walichungwa, tena na wengi

Watu wazima wengi hapa Mbeya husema zamani watoto waliachwa wazurure watakavyo, hakuna aliyewachunga. Kuzurura ni kweli. Kutochungwa, hapana.

Chukua Wanyakyusa wa Rungwe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa miaka 10 hivi walivyohama kwa wazazi na kujijengea vibanda vyao, wao na rika lao. Uhuru gani unazidi huo? Lakini wavulana hao hao walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mashamba ya baba zao waliyalima. Mama anayepakulia kundi huona mara moja nani hayupo.

Mimi nilikulia Tukuyu miaka mingi baadaye, na bado ilikuwa hivyo. Nikikwea mparachichi wa jirani, bibi aliyekuwa akipepeta maharage kibarazani aliniita kwa jina la baba: shuka! Habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Leo geti limefungwa, na mzazi anachunga peke yake kazi iliyokuwa ya mtaa mzima.