Je, wajua kwa nini reli ya kwanza ya Uganda iliishia Namasagali?

Namasagali iko ukingoni mwa Nile wilayani Kamuli, mbali na barabara kuu. Hata hivyo, huko ndiko reli ya kwanza ya Uganda, iliyofunguliwa 1912, ilikoishia baada ya mwendo wa karibu kilomita 100 kutoka Jinja.

Sababu ni mto wenyewe. Ukitoka Jinja, Nile ilikuwa na maporomoko ya Ripon, Owen, Bujagali na mengine. Chombo cha mizigo hakipiti. (Ripon yalizamishwa na bwawa la Owen lililozinduliwa 1954, ndiyo maana mgeni wa leo hayaoni.) Kufika Namasagali maji yametulia, na meli ziliweza kwenda hadi Ziwa Kyoga na kuendelea mpaka Masindi Port. Reli ilijengwa kukiruka kipande hicho kibovu tu.

Kyoga nalo lina kina cha mita chache na mafunjo tele. Rafadha ya kawaida ingenaswa na majani, hivyo meli kama Stanley zilikuwa na gurudumu la makasia nyuma, zikisukuma matishari ya mizigo.

Mzigo mkuu ulikuwa pamba. Robota kutoka eneo la Teso lilipakiwa Bugondo, bandari ya Ziwa Kyoga, likashushwa Namasagali na kutiwa kwenye behewa. Jinja likashushwa tena, likavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Kisumu, na huko likapanda treni ya Mombasa. Kila kituo ni wapagazi, gharama na kusubiri, na mvua ikilikuta nje, pamba huvunda, hubadilika rangi na kushuka bei.

Udhaifu huo ndio ulioiponza bandari. Mwaka 1928 reli kuu ya kutoka Kenya iliungana na hii ya Jinja hadi Namasagali pale Mbulamuti, na 1929 tawi jingine likafika Soroti. Pamba ya Teso ikaenda Mombasa bila kugusa maji. Namasagali ikabaki na safari za kaskazini, kupitia Masindi Port na Butiaba, bandari ya Ziwa Albert, kuelekea Sudan, mpaka mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipopandisha maziwa, magati yakafurika na huduma za meli zikafungwa.

Majengo ya reli yalipata kazi nyingine upesi: 1965 shule ya sekondari, Namasagali College, ilianzishwa humo, na sasa Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi yake hapo. Kwa mtu anayependa historia ya usafiri Uganda, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia.