Je, wajua kwa nini bakora yenye upanga ndani inaweza kukutia mashakani kuliko panga la shamba?

Mjomba wangu wa Bombo, mji mdogo hapa Uganda, ana miaka 70 na kitu, goti lake la kulia limechoka, anatembea na bakora. Siku moja nimeenda kumsalimia akaniita ndani, akafunga mlango, akanionyesha bakora mpya nyeusi ya kung'aa yenye kichwa cha shaba. Akakishika kile kichwa, akazungusha kidogo, akavuta, ukatoka upanga mwembamba wa dhiraa moja na kidogo hivi. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe umelinda mageti Kampala miaka mingi, hebu niambie, naweza tembea na hii mjini?"

Sikumcheka na sikumgombeza, kwa sababu najua hiyo hofu inatoka wapi. Mwaka 2021 kule Masaka na Lwengo watu wenye mapanga walikuwa wanaingia manyumbani usiku na kuwakatakata wazee, waliuawa zaidi ya watu 20, wengi wao wazee kabisa wanaoishi peke yao, na tangu hapo neno kijambiya, yaani panga kwa Kiganda, likisemwa redioni kila mzee anaangalia mlango wake. Neno lenyewe si geni kwetu tunaosema Kiswahili, ni ndugu wa jambia la watu wa pwani. Kwa hiyo mzee akitaka kitu cha kujikinga simwoni mjinga. Swali lake ni la maana na linastahili kujibiwa vizuri, tena lina sehemu mbili: sheria inasemaje, na hiyo kitu yenyewe inasaidia kweli?

Tuanzie ilikotoka. Huko Ulaya zamani mwanaume mwenye heshima alikuwa anatembea na upanga kiunoni, waziwazi, kama vile leo mtu anavaa saa. Kwenye karne ya 18 hiyo desturi ikaanza kufa mijini, upanga ukaonekana wa kizamani, bakora ikachukua nafasi yake kama alama ya mtu mkubwa, lakini vibaka wa usiku hawakuisha. Basi mafundi wakaunganisha vitu viwili, upanga ukaingia ndani ya bakora. Karne ya 19 zilikuwa zinauzwa sana London na Paris, makali mengine yakitoka Toledo kule Hispania na Solingen kule Ujerumani, miji iliyokuwa na jina kwa upanga tangu enzi. Wahindi nao wana yao wanaiita gupti. Wajapani wana shikomizue, na hiyo ina kisa chake, maana mwaka 1876 serikali yao ilipiga marufuku watu kubeba upanga hadharani, na mtu aliyekuwa hataki kuachana na upanga wake alibaki na njia moja tu ya kutembea nao, kuuficha. Halafu bastola ndogo za mfukoni zikaenea na ile kitu ikabaki ya kupambia ukuta na ya watu wanaokusanya vitu vya kale.

Sasa sheria. Uingereza walishaikataza kwa jina lake kabisa. Kuna agizo la mwaka 1988 lenye orodha ya silaha ambazo huruhusiwi kutengeneza, kuuza, kuazimisha wala kuingiza nchini, na ndani yake imetajwa fimbo yenye uwazi ndani ambayo imefichwa makali yanayoweza kutumika kama upanga. Za kale zilizopita miaka 100 wameziacha. Tangu mwaka 2021 wamekaza zaidi, hata kuiweka nyumbani kwako tu ni kosa. Kwa hiyo kama una ndugu London na unataka kumpelekea zawadi ya fimbo kutoka nyumbani, chagua ya kuchongwa ambayo ni mti mtupu, usimtafutie kesi. Ujerumani pia wamekataza silaha inayojifanya kitu cha kawaida. Marekani inategemea jimbo, California haitaki kuiona, Texas walikuwa wamekataza kuibeba halafu mwaka 2017 wakalegeza.

Hapa kwetu Uganda, Penal Code, yaani sheria ya makosa ya jinai, imeanza kufanya kazi mwaka 1950, na ukiisoma hutakuta mahali imeandikwa bakora ya upanga. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanasema kama haijatajwa basi ruksa. Hapana jamani. Sheria yetu haiangalii sana jina la kitu, inaangalia umekibeba wapi, kwa sababu gani, na kimewafanya watu wajisikie vipi. Kuna kosa la kwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu, na silaha yako unaweza kunyang'anywa kabisa. Kuna kosa la kukutwa na silaha ukiwa na nia ya kufanya uhalifu. Na kwenye wizi wa kutumia nguvu ndiyo usiseme, silaha ya kuua imeelezwa kuwa ni pamoja na kifaa kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kupiga risasi, kuchoma au kukata, na adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifo.

Linganisha na panga. Panga ni hatari kuliko huo upanga mwembamba, hakuna ubishi, lakini panga lina kazi. Mtu ametoka Luweero na panga limefungwa kwenye gunia anakwenda shambani, askari akimsimamisha anajibu kwa sentensi moja na kila mtu anaelewa, matoke yanahitaji panga, kuni zinahitaji panga. Bakora ya upanga ukiulizwa ni ya kazi gani utasema nini? Haikati nyasi wala haichinji kuku, haina kazi nyingine yoyote isipokuwa kumchoma mtu, na juu ya hiyo imefichwa. Kule kuficha kwenyewe ndiko kunaongea dhidi yako. Askari aliyeikuta hatafikiria mzee anaogopa, atafikiria huyu amepanga kitu, na wewe ndiye utabaki kueleza hadi jasho likutoke.

Hii naisema kwa uzoefu kwa sababu nimesimama getini. Baada ya mabomu ya Julai 2010 pale uwanja wa ragbi wa Kyadondo na ule mkahawa wa Kabalagala, Kampala ilibadilika, mahali pakubwa pote pakawa na ukaguzi, kile kifimbo cha kugundua chuma kinapitishwa mwilini na kwenye mzigo. Bakora ya kawaida inalia kidogo tu juu kama kichwa chake ni cha chuma, labda na chini kama ina kofia ya bati. Yenye upanga inalia kutoka mpini hadi katikati, mfululizo, haina haja ya kuambiwa. Tulifundishwa mtu mzima akija na fimbo mpe heshima yake, mpe kiti kama anahitaji, lakini fimbo ikaguliwe. Siku ya Mashahidi wa Uganda pale Namugongo, mahali pa hija, tarehe 3 Juni watu wanafika kwa miguu kutoka mbali sana, wengine wamevuka mpaka, wengi wameshika fimbo zilizowasaidia njiani, na hakuna anayewazuia, ila ukaguzi upo. Fikiria umetembea siku nyingi halafu unawekwa pembeni kwa ajili ya kitu kimejificha ndani ya mkongojo wako. Ndani ya ndege usijaribu kabisa, bakora ya mgonjwa inapita ikishakaguliwa, yenye makali haipiti. Na mikutano, Katiba yetu kwenye kifungu cha 29 inatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, hayo maneno mawili ya mwisho yapo pale makusudi.

Mjomba akaniambia, sawa, sheria nimekusikia, lakini mwizi akinikuta usiku si nitajitetea? Kujitetea kunaruhusiwa, ndiyo. Penal Code yetu inasema jambo hilo lipimwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, maana yake kwa ufupi nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ilingane na hatari uliyokutana nayo. Kijana akikupokonya simu anakimbia na wewe umemchoma upanga mgongoni, hapo hukujitetea tena.

Ila hebu tuache mahakama tuangalie hiyo bakora kwa macho ya fundi, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilishangaa. Bakora ina kazi moja kubwa, kubeba uzito wa mtu. Inaweza kubeba kama robo ya uzito wako, kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 20 kila hatua, mara elfu na elfu. Bakora nzuri ni kipande kimoja cha mti mgumu. Hiyo nyingine imetobolewa ndani ili upanga uingie, kwa hiyo ukuta wake ni mwembamba, halafu imekatwa karibu na juu, pale pale kwenye mzigo, na kile kiungo kinashikwa na hesi za skrubu au kitufe kidogo. Kila ukikanyaga kiungo kinacheza kidogo, kikicheza kinalegea, na siku moja unashuka kwenye taksi umeegemea mkono wote, kichwa kinabaki mkononi na mwili wa bakora unabaki chini. Kwa mzee wa miaka 70 kuanguka namna hiyo na kuvunja nyonga ni balaa kubwa kuliko vibaka wengi.

Na upanga wenyewe ni dhaifu. Lazima uwe mwembamba ili uingie, kwa hiyo ni wa kuchoma tu, ukijaribu kukata unapinda. Hauna kikingio cha mkono kama upanga wa vita, ukichoma kwa nguvu mkono wenye jasho unateleza kuelekea kwenye makali unajikata vidole mwenyewe. Nyingi za bei rahisi upanga umeunganishwa na mpini kwa msumari mwembamba wa skrubu, ndipo unapokatikia. Na ukikaa karibu na ziwa unyevu unaingia kwenye ala, kutu inashika, siku unayouhitaji hautoki.

Lakini hilo ambalo lilimnyamazisha mjomba ni hili. Bakora inashikwa upande ulio kinyume na mguu mbovu, goti bovu la kulia, bakora mkono wa kushoto. Nikamwambia simama katikati ya chumba, sasa toa upanga. Akaushika mwili wa bakora kwa kushoto, mkono wa kulia ukashika kichwa, akainua ili azungushe, na papo hapo bakora ikawa haigusi chini tena, mikono yote miwili ina kazi, na amesimama juu ya goti bovu. Akayumba. Nikamshika. Mtu anayehitaji bakora kweli hawezi kuutoa upanga bila kwanza kujiondolea mguu wake wa tatu, na anayeweza kuutoa vizuri ni kijana mzima ambaye hana haja ya bakora.

Tena fikiria pale Old Taxi Park, kituo kikubwa cha taksi Kampala, watu wamejaa, mzee amepapaswa mfuko, anachomoa upanga. Waliokuwa nyuma hawakuona mwizi, wanachoona ni mtu ana upanga mkononi. Mtu mmoja akipiga kelele kijambiya, sijui kama atapata nafasi ya kueleza. Tunajua umati wetu unavyofanya na hilo linaniogopesha kuliko polisi.

Bakora ngumu ya kawaida inamsaidia zaidi. Inamweka mbwa mbali, inaweka nafasi kati yake na mtu, inagonga mlango wa jirani, na haihitaji kufunguliwa. Usiku nyumbani ni komeo nzuri, taa nje, mbwa anayebweka, filimbi kitandani, na namba ya chairman wa LC, yaani kiongozi wa serikali ya mtaa, na majirani wawili watatu ziwe juu kabisa kwenye simu, maana kule Masaka wengi walikutwa peke yao.

Tulikwenda Katwe pamoja kwa fundi wa vyuma. Upanga akautoa, akaukata vipande mbele yetu, mjomba akasema zile shaba za kichwa azihifadhi. Mwili wa bakora fundi alijaribu kuuziba kwa mti ndani, akaukandamiza kwa mguu, ukalia kwa ufa. Tukautupa. Kile kichwa cha shaba sasa kiko juu ya fimbo mpya ya mvule, imekatwa urefu wa kifundo cha mkono wake akisimama wima, na chini fundi amepigilia kipande cha raba kutoka kwenye lugabire, ndala ya tairi la gari, iliyochakaa, haitelezi hata kwenye sakafu ya msikiti ikiwa na maji.